Usukani unatetemeka baada ya kutoka mbugani: osha kwanza, spea baadaye

"Habari za kazi mtaalamu. Nina Hilux ya dizeli, pikapu, ninayosambazia mbegu za pamba na viuatilifu kutoka Shinyanga kwenda vijiji vya Maswa na Meatu. Tangu mvua zianze napita mbugani, kwenye zile tambarare za udongo mweusi, karibu kila wiki, na gari linarudi limejaa tope jeusi hadi kwenye madigadi. Nalipeleka kwa vijana wa kuosha, wanapiga presha, linang'aa. Lakini nikishika lami, kuanzia 80 usukani unatetemeka. Nikishuka chini ya 60 unatulia. Mshale wa joto nao umeanza kupanda nikiwa na mzigo, na breki za nyuma zinalia. Fundi mmoja ameniandikia spea za viungo vya mbele: tairodi, bolojointi na beringi. Mwingine anasema nipulizie oili chafu chini ya gari lote, tope halitashika tena na kutu haitakuja. Rafiki yangu anasema niache tope likauke, litadondoka lenyewe njiani. Nimsikilize nani?"

Pole na njia za mbugani, ndugu yangu. Kwa maelezo uliyotoa, usinunue spea yoyote kwanza. Tetemeko linaloanza 80 na kuisha chini ya 60, kwenye gari lililotoka topeni, mara nyingi chanzo chake ni tope lililoganda ndani ya rimu. Joto linalopanda na breki zinazolia zinaweza kuwa tope lile lile, limekaa mahali pengine. Vijana wa presha wanalipwa gari ling'ae, nao wanafanya hivyo. Hakuna aliyewalipa walale chini ya gari.

Kwanza tuuelewe udongo wenyewe, maana tope hazifanani. Udongo mwekundu ukimwagiwa maji unaachia. Huu mweusi wa mbuga za Usukuma ni mfinyanzi wa aina inayovimba. Chembe zake ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, zina umbo bapa, na maji huingia katikati ya chembe na chembe. Yakiingia, udongo unavimba na kunata. Yakitoka, unasinyaa, unapasuka na kuwa mgumu. Ndiyo maana kiangazi ardhi ya Meatu hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua ikinyesha ardhi ile ile inamvua mtu viatu.

Sasa tazama unavyofanya kwenye gari. Ukikauka, mabonge ya nje yanapasuka na kudondoka, lakini tabaka lililogusa chuma linabaki limeshika. Rafiki yako ameona mabonge yakidondoka, hapo hajakosea. Tatizo ni kwamba hayadondoki sawasawa. Ndani ya rimu, bonge la upande huu linaanguka na la upande ule linabaki, na gurudumu lililokuwa na uzito uliosambaa pande zote linageuka kuwa na uzito upande mmoja. Ukiendelea kusubiri, ndipo usukani unapoanza kutetemeka.

Nikupe hesabu yake, kwa sababu watu hudharau kipande cha tope. Tairi la kawaida la Hilux lina kipenyo cha karibu sentimita 77. Kwenye mwendo wa 80 linazunguka mara tisa kila sekunde. Nusu kilo ya tope iliyoganda upande mmoja, sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu, inalivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 33, na mvuto huo unazunguka pamoja na gurudumu: juu, mbele, chini, nyuma, mara tisa kwa sekunde. Kwenye mwendo wa 40 nguvu hiyo ni robo tu, kama kilo nane, na bushi pamoja na shokapu zinaimeza bila wewe kujua. Ukiongeza mwendo maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Watu wa kubalansi magurudumu hubandika vipande vya risasi vya gramu 10, 20 au 40 kurekebisha gurudumu lililokosa usawa. Wewe huenda unatembea na mamia ya gramu.

Basi kabla ya kumlipa mtu, egesha gari mahali tambarare, piga tochi nyuma ya kila rimu, upande unaotazama injini. Kuona kwa mbele hakutoshi. Tope linajificha kwenye mdomo wa ndani wa rimu, ule mviringo ulioinuka, na presha inayopigwa kutoka nje haifiki huko. Likungue kwa kijiti cha mti au spatula ya plastiki baada ya kulilowesha, kisha suuza huku mtu akisogeza gari taratibu ili upate mzunguko mzima. Njia nzuri zaidi, ukiwa na jeki na stendi, ni kuvua magurudumu yote manne na kuyaosha yakiwa yamelala chini. Usiende kubalansi gurudumu likiwa na tope ndani. Mashine italihesabu tope kama sehemu ya rimu, na siku litakapodondoka utabaki na risasi zinazovuta upande usio na kitu cha kusawazisha.

Ukishaosha, rudi kwenye lami ile ile. Tetemeko likiwa limekwisha, umejua. Kama limebaki dogo, sasa ndipo ukabalansi.

Kuhusu kutu, wapo wanaoamini tope likikauka juu ya chuma linakuwa koti la kukilinda. Sivyo. Tope lililoganda linafanya kazi kama kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye jembe: kila umande, kila mvua, kila dimbwi linanywewa na kuwekwa pale pale kwenye chuma, hata siku ambazo gari lote linaonekana kavu. Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Chini ya bonge hewa ni kidogo, pembeni yake hewa ni tele. Tofauti hiyo ya oksijeni kwenye kipande kimoja cha chuma chenye unyevu huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na sehemu iliyokosa hewa ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo chuma huoza pale pale ulipofunika, wakati pembeni kunaonekana salama. Chumvi huuharakisha mkondo huo. Ukiwa unafika vijiji vya Meatu vilivyo upande wa Ziwa Eyasi, ambalo maji yake ni ya chumvi, usilale na tope la huko kwenye gari.

Sehemu ya hatari zaidi ni chesisi. Mihimili yake ina uwazi ndani, na imetobolewa matundu upande wa chini ili maji yaingiayo yatoke. Tope jeusi linaziba matundu hayo. Maji yanabaki ndani ya mhimili, na kutu inaanza ndani kwenda nje. Siku utakapoiona kwa nje, chuma kimeshakuwa chembamba. Pitisha kijiti kwenye kila tundu, kisha ingiza mpira wa maji upande mmoja wa mhimili uache yatiririke hadi yanayotoka upande wa pili yawe meupe. Mwanzoni utaona tope likitoka kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Endelea.

Hapa ndipo nakataa ushauri wa oili chafu. Najua umezoeleka, na haukuzuka bure, kwa sababu oili kweli inasukuma maji mbali na chuma kwa muda. Lakini bushi zako nyingi ni za mpira, na mpira ukikaa kwenye oili unavimba, unalainika, kisha unachanika. Oili hiyo inashika vumbi lote la kiangazi na kutengeneza ukoko mpya. Ikifika kwenye pedi au lainingi za breki, gari halisimami. Ikidondokea ekzosi, inatoa moshi na inaweza kuwaka. Na ikipulizwa juu ya tope ambalo halijatolewa, kama wanavyofanya wengi ili kumaliza haraka, unyevu wote unafungiwa ndani. Kesho mvua ikinyesha, oili iliyomwagika chini inaelekea kwenye lambo wanakonywa ng'ombe wa watu. Dizeli na mafuta ya taa yana madhara hayo hayo, tena yanawaka upesi zaidi.

Kinachofaa ni dawa ya nta ya kupuliza ndani ya mihimili na chini ya bodi, ikipigwa kwenye chuma kisafi na kikavu kabisa, kiangazi, mara moja kwa mwaka. Ina gharama, na haipatikani kila mji. Kuna pia ile rangi nzito nyeusi ya lami inayopakwa chini ya magari. Ni nzuri ikiwa mpya. Ikipasuka, maji huingia nyuma yake na huoni kinachoendelea, kwa hiyo kwa gari la mbugani mimi siipendi. Kama fedha ya nta haipo mwaka huu, maji safi mengi na gari kuegeshwa juani likauke yanakupa sehemu kubwa ya kinga unayoitafuta. Sisemi hivyo kukufariji. Chuma kisicho na unyevu hakishiki kutu.

Jinsi ya kuosha sasa. Osha siku hiyo hiyo uliyorudi, udongo ukiwa bado mbichi, ila acha kwanza injini, breki na ekzosi vipoe. Maji baridi kwenye diski ya moto yanaweza kuipinda. Kama umechelewa na tope limekuwa gumu, usilishambulie kwa presha wala kwa panga. Linyunyizie maji kidogo, ngoja nusu saa, nyunyizia tena. Mfinyanzi uliokauka unahitaji muda wa kunywa maji ndipo uachie, na muda huo hakuna mashine inayoufupisha. Ukiwa porini bila maji, kuna saa nzuri ya kuukwangua: pale unapokuwa umeanza kukauka nje lakini ndani bado laini. Hapo unatoka mabonge mazima kwa kijiti tu. Kijiti kiwe cha mti, maana chuma kitachana paipu za breki.

Anza chini ya gari. Kata usukani wote kulia, osha nyuma ya gurudumu na juu ya madigadi. Kisha wote kushoto. Yale makava ya plastiki ndani ya madigadi yanabeba tope kwa juu, mahali usipopaona, kwa hiyo ingiza mkono. Ndoo ya lita 20 ikijaa tope bichi inapita kilo 30, na gari la mbugani linaweza kuficha zaidi ya ndoo moja bila dalili yoyote kwenye bodi, huku wewe ukihesabu mifuko ya mbegu kana kwamba gari ni tupu. Ukilazimika kuingia chini, kamwe usiingie kwa kuitegemea jeki peke yake. Weka stendi, weka mawe kwenye magurudumu, na mwenzako awe karibu.

Presha itumie kwa akili. Maji mengi yenye nguvu ndogo yanafanya kazi nzuri kuliko maji kidogo yenye nguvu kubwa, isipokuwa kwenye chuma kitupu cha chesisi na ndani ya madigadi. Iweke mbali na oltaneta, soketi za waya, waya za sensa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki) nyuma ya magurudumu, sili za habu, na mipira inayofunika grisi kwenye ekseli za mbele. Sili imetengenezwa kuzuia tope lisiingie lenyewe. Haikutengenezwa kuzuia maji yanayosukumwa na mashine. Mwishoni piga grisi sehemu zote za propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, zinazopigwa grisi, hadi uone ile ya zamani na maji yake vikitoka. Bodi usiipanguse na kitambaa kabla haijasuuzwa, maana mchanga uliomo kwenye tope unachubua rangi.

Ukiwa chini, angalia pia majani. Ukipita kwenye ngitili, yale malisho yaliyotengwa, nyasi ndefu zinachanganyika na tope na kukaa juu ya ekzosi. Zikikauka zinawaka. Zitoe zote, kila safari.

Mshale wa joto unahitaji uangalifu. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, na katikati ya hizo mbili tope laini linajaa bila kuonekana kwa mbele wala kwa nyuma. Hewa haipiti, na gari likiwa na mzigo joto linapanda. Injini ikiwa baridi, suuza kwa mpira wa kawaida ukianzia upande wa injini kusukuma nje, yaani kinyume na njia ambayo tope liliingia. Ukianza na mbele, unalisukuma ndani zaidi. Presha usiisogeze hapo hata kidogo, kwani inalaza yale mabati membamba na rejeta inazibwa na wewe mwenyewe. Fungua pia chujio la hewa ulitazame. Kama lina tope au limelowa, badilisha. Mfuniko wa rejeta usiufungue ikiwa moto. Iwapo baada ya kuosha mshale bado unapanda, tatizo linaweza kuwa kulanti (maji ya rejeta), feni au thamostati, na hilo ni la fundi, mapema, kabla kichwa cha injini hakijapinda.

Breki za nyuma zinazolia sitaki uzichukulie kawaida. Hilux nyingi tulizonazo zina diski mbele na dramu nyuma. Diski inajisafisha kiasi, lakini dramu imefungwa: tope likiingia halina pa kutokea, na kila ukikanyaga breki mchanga unasaga lainingi na dramu yenyewe. Dramu zifunguliwe, zifutwe kwa maji na kitambaa. Fundi asipulize kwa upepo, kwa sababu vumbi la lainingi linaharibu mapafu yake na yako. Akague unene wa lainingi, waya wa handbreki, na kama kuna unyevu wa oili ndani. Na kila unapovuka maji, ukishatoka tembea taratibu huku umegusa pedali kidogo mpaka uhisi breki zinashika.

Oili ndani ya dramu ingenipeleka moja kwa moja kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Difu ina kitundu cha kupumulia kwa juu. Ikiwa imepata moto na ghafla ikazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta kilicho karibu. Kama kitundu kimezibwa na tope, inavuta maji kupitia sili. Baadaye ikipata moto tena, hewa inatanuka na kusukuma oili nje kupitia sili zile zile, hadi kwenye breki. Umevuka maji yaliyofika katikati ya gurudumu? Fungua nati ya kujazia oili ya difu, chovya kidole. Oili ikiwa imegeuka nyeupe au kijivu, imwage yote leo na kuweka mpya, kisha safisha kitundu. Usiseme utamaliza msimu kwanza; oili yenye maji hailindi meno ya difu.

Jambo moja linahusu mzigo wako. Gari linalobeba viuatilifu halioshwi kama mengine. Kama chupa ilivuja kwenye bodi ya nyuma, vaa glavu na buti, na maji ya kuoshea yasiende lamboni, kisimani wala mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu vyanzo vya maji ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa, na kwa sumu ya wadudu mimi ningekaa mbali kuliko hapo. Najua gari kuingizwa mtoni ndiyo njia rahisi. Lakini watoto wanachota maji hapo hapo.

Sasa yule fundi wa tairodi na beringi. Simuiti mwongo, kwa sababu njia za mbugani zinaua vitu hivyo kweli. Ila kila kimoja kina dalili yake, na hazifanani na ulichoniandikia. Tairodi au bolojointi iliyochoka hufanya usukani ulegee na kugonga hata kwenye mwendo mdogo, kwenye mashimo. Beringi huvuma, na mvumo wake hubadilika ukikata kona. Tetemeko linalokuja unapokanyaga breki tu ni la diski. Gari likivuta upande mmoja, pedali ya breki ikizama au ikiwa laini, taa ya breki ikiwaka, usiliendeshe tena hadi lionwe na fundi uso kwa uso. Hayo hayatibiki kwa maandishi. Vivyo hivyo kama maji yaliingia kwenye injini ikazimika majini: usipige starta, livutwe.

Na iwapo umeosha rimu, umebalansi, na usukani bado unatetemeka, rudi kwa fundi huyo huyo ukamwombe akuonyeshe. Gari linyanyuliwe na kukaa kwenye stendi, ashike gurudumu juu na chini atikise, kisha kushoto na kulia atikise tena, nawe mkono wako uwe kwenye kiungo anachosema kimekufa. Kikicheza mkononi mwako, mpe fedha ya spea.